Mpangaji Mwema Akiomba Kutoka: Mkataba, Amana na Utu wa Kizingo

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hii ndiyo ya kwanza kutamkwa pindi mpangaji wa nyumba anapobisha hodi kwa mwenye nyumba na kueleza kwamba angependa kuondoka kabla ya muda wa mkataba kutimia. Hutamkwa kwa haraka, aghalabu kabla ya chai kumiminwa, na hutamkwa kana kwamba ndiyo mwisho wa mazungumzo. Ilhali ahadi ikiwa ni deni, basi yafaa kuulizwa: ni deni la kiasi gani, na je, mdai hana haki ya kusamehe sehemu yake?

Swali hili lina uzito wa pekee Kizingo. Mtaa huu ulioko kusini mwa kisiwa cha Mombasa, baina ya mahakama, Ikulu, mnara wa taa na mibuyu ya Mama Ngina, ni mtaa wa watu wa kupita. Wakaao humo ni mahakimu, madaktari, maafisa wa bandari, wahadhiri na wafanyakazi wa mashirika. Watu ambao barua moja ya uhamisho yatosha kuwapeleka Kisumu au Garissa. Wenye nyumba nao wengi hawaishi hapo. Wako Mji wa Kale, wako Nyali, wako Maskati na London, na kodi ya Kizingo ndiyo inayolipa karo na dawa za jamaa zao. Kwa hiyo mkataba wa Kizingo huwaunganisha watu wawili ambao kila mmoja anamhitaji mwenziwe kwa haja iliyo mbali na nyumba yenyewe.

Chukuliwe mfano mmoja, wa kubuni lakini uliofanana na mingi. Mjane wa makamo aishiye Ndia Kuu ameachiwa na marehemu mumewe nyumba ya vyumba vitatu katika ghorofa moja ya Kizingo. Ameipangisha kwa miaka miwili, kodi shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa kijana anayefanya kazi na wakala wa forodha. Kijana amekaa miezi kumi na mitatu. Kodi huja kabla ya tarehe tano. Mfereji ukivuja huutengeneza kisha akaleta risiti. Maji yakikatika huagiza boza bila kumpigia mtu kelele. Kisha reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ikaanza kuchukua makasha bandarini, serikali ikaagiza mizigo mingi ikatolewe ushuru Nairobi badala ya Mombasa, na kazi za mawakala wa forodha zikaifuata mizigo. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022, lakini waliokwisha kuhama walikuwa wamekwisha kuhama.

Kijana anakwenda Ndia Kuu jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona uso huo?"

"Mama, kazini wananihamisha Nairobi. Mwezi ujao wataka niwe huko. Nimekuja kukuomba ruhusa nitoke, na nijue nikulipe nini."

Msomaji azingatie maneno hayo ya mwisho. Kijana hakutoroka usiku na magodoro juu ya pikapu, jambo ambalo kila dalali wa Mombasa anao mkoba mzima wa visa vyake. Amekuja mwenyewe, ameomba, na amekiri kuwa kuna la kulipwa. Hata hivyo, usiku ule mjane akimpigia simu mwanawe aliye ng'ambo, jawabu ni moja: miezi iliyobaki ni kumi na mmoja, alipe yote kumi na mmoja ndipo atoke. Asubuhi dalali naye anatoa shauri lake: "Bi mkubwa, mzuie na dipositi. Atakwenda wapi?"

Mashauri hayo mawili yanastahili kupimwa kila moja kwa mizani yake, kwani la kwanza lina sura ya sheria na la pili halina sura yoyote.

Kisheria, mwana hasemi upuuzi. Sheria ya Kenya inayodhibiti kodi za makao haiigusi nyumba ya namna hii, kwa kuwa kikomo chake ni kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho Kizingo hakitoshi hata banda la gari. Upangaji wa mwezi kwa mwezi usio na muda maalumu una njia nyepesi: Sheria ya Ardhi ya 2012 yaruhusu upande wowote kuumaliza kwa notisi isiyopungua kipindi cha upangaji wenyewe. Lakini mkataba wa miaka miwili ni wa miaka miwili. Kama hauna kifungu cha kutoka mapema, mpangaji hana haki ya kuuvunja kwa sababu tu mwajiri wake amemhamisha. Uhamisho ni dhiki yake, si kosa la mwenye nyumba. Alichonacho ni kuomba: aombe mkataba ukatishwe kwa ridhaa, au aombe idhini ya kumwachia mtu mwingine. Hapo sheria yamsaidia kidogo, kwani pale mkataba unapotaka idhini ya mwenye nyumba, Sheria hiyo ya 2012 inamtaka mwenye nyumba asiizuie bila ya sababu ya maana.

Basi haki iko upande wa mjane. Hoja ya makala haya ni kwamba kuwa na haki na kuitumia yote ni mambo mawili.

Hesabu yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Miezi kumi na mmoja kwa shilingi 60,000 ni shilingi 660,000. Je, mjane atapata hasara ya shilingi 660,000 kijana akiondoka? Atapata hasara hiyo iwapo tu nyumba itakaa tupu miezi yote kumi na mmoja, na hakuna mwenye nyumba mwenye akili atakayeiacha itupuke hivyo. Hasara yake ya kweli ni mwezi au miezi miwili ya kutafuta mtu, rangi ya kuta, na ada ya dalali. Akimtoza wa zamani miezi yote kisha akamwingiza mpya mwezi wa pili, atakuwa amekula kodi mbili za nyumba moja. Akiiacha tupu kwa ukaidi ili adai zote, pwani hii itamwadhibu kabla ya mahakama kumlipa. Upepo wa chumvi hauna simile: hula nondo za madirisha, hutoboa mabati ya tangi, hupasua rangi ya ukuta ulioelekea baharini. Nyumba yenye mtu hufunguliwa, hufagiwa, hukaushwa. Isiyo na mtu huoza kimyakimya. Washairi wa pwani wamelijua hili tangu zamani, na msomi wa Kiswahili aliyeisoma Al-Inkishafi hahitaji kuelezwa majumba ya Pate yalikuwaje baada ya wenyewe kuondoka.

Tena kuna hesabu isiyoandikwa. Mpangaji aliyelazimishwa kubaki, au kulipia nyumba asiyokaa, hubadilika tabia. Yule aliyekuwa akiutengeneza mfereji kwa pesa zake ataanza kupiga simu kwa kila tone. Kodi ya tarehe tano itakuja tarehe ishirini, kisha haitakuja. Mjane atakuwa amemgeuza mpangaji mwema kuwa mdaiwa mbaya, kisha atamwajiri wakili ili amfukuze mtu aliyeomba kuondoka kwa hiari yake. Kichekesho hicho si haba katika korido za mahakama.

Wengi wa wakazi wa Mji wa Kale watauliza dini yasemaje, na ni swali la haki. Katika fikihi ya Kiislamu, kupangisha nyumba ni ijara, na ijara ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi huruhusu ijara kuvunjwa kwa udhuru. Wa Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani hii, hushikilia kuwa udhuru wa mpangaji mwenyewe hauivunji maadamu nyumba iko salama. Kwa mara nyingine mwana aliye ng'ambo anaonekana kushinda. Lakini fikihi hiyohiyo ina mlango uitwao ikala, yaani kuuvunja mkataba kwa ridhaa ya wote wawili baada ya mmoja kujuta au kupata dhiki, na mafundisho ya Mtume yamemsifu mwenye kukubali ombi hilo na kumwahidi msamaha Siku ya Kiyama. Kwa maneno mengine, mwenye haki halazimishwi kuiacha haki yake, ila anaonyeshwa kuwa kuiacha kuna ujira. Mpangilio huo ni wa busara kubwa: mkataba unabaki na nguvu, na wema unabaki kuwa wema, kwani wema uliolazimishwa na sheria huwa ni ushuru tu.

Na sasa shauri la dalali, la kumzuia na dipositi. Hapa mwanafunzi wa lugha ana la kusema kuliko mwanasheria. Neno dipositi limeingia vinywani mwa watu wa Mombasa hata limesahaulisha neno lililokuwako: amana. Maneno hayo mawili hayalingani. Dipositi ni pesa tu. Zimekaa mahali, na aliyezikalia huhisi ni zake mpaka atakapolazimishwa kuzitoa. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mtu, na aliyewekewa hana ruhusa ya kukila. Mswahili alikuwa tayari kupoteza chake kuliko kusemwa kuwa amekula amana. Shilingi 120,000 za kijana zilizoko kwa mjane, kodi ya miezi miwili, ziliwekwa ili kulinda nyumba dhidi ya uharibifu na bili zilizoachwa. Kama zinatakiwa zigeuke kuwa malipo ya kutoka mapema, na ziwe hivyo kwa maafikiano, kwa maandishi na kwa hesabu. Si kwa kuzikalia kimya. Dalali, ambaye hupata ada kila nyumba inapobadilisha mtu, hapaswi kuwa kadhi wa jambo hili.

Si kwamba upande wa mwenye nyumba hauna hoja nzito. Ipo inayosikika sana: ukimruhusu mmoja, wote watajua, na mkataba utakuwa karatasi ya kufungia vitumbua. Hofu hii ni ya kweli kwa mwenye ghorofa nzima yenye wapangaji kumi na wawili. Lakini dawa yake ni kuwa na kanuni moja inayojulikana, wala si kumkatalia kila mtu. Anayeruhusiwa kutoka ni aliyelipa vizuri, aliyetoa notisi, aliyeleta barua ya uhamisho au sababu inayoweza kuthibitishwa, na aliyekubali kugharimia pengo. Wapangaji wengine wakilijua hilo, watajifunza kulipa kwa wakati.

Hoja nyingine ni ya wakfu, na hii hutajwa mara chache ingawa Mombasa ni mji wa wakfu. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zimefungwa wakfu kwa misikiti au kwa vizazi, nyingine zikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu. Msimamizi wa nyumba ya namna hiyo hana ukarimu wa kutoa, kwa sababu mali si yake. Mjane wa Ndia Kuu aweza kusamehe miezi tisa na kuiita sadaka. Msimamizi wa wakfu akisamehe, amewasamehea wengine haki yao. Lakini hata yeye hakatazwi kupima maslahi: mpangaji mpya anayelipa ni bora kwa wakfu kuliko kesi dhidi ya mpangaji wa zamani aliyekwisha kuhama. La kwake ni kuhakikisha pengo limelipwa lote, na kwamba karatasi inaonyesha hivyo.

Pengine hoja nzito kuliko zote ni ya mjane mwenyewe, ambaye hana ghorofa wala wakfu. Ana nyumba moja. Kodi ikikosekana miezi miwili, dawa zake za sukari zitakosekana. Wanaoandika kuhusu huruma kwa wapangaji hupenda kumchora mwenye nyumba kama bepari mwenye kitambi. Ndivyo Julius Nyerere alivyoita tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, na wanafunzi wengi wamekulia wakimcheka Shailoki na ratili yake ya nyama. Lakini Shailoki alipewa nafasi ya kulipwa fedha zake mara kadhaa zaidi, akazikataa. Kosa lake lilikuwa hapo, si katika kuwa na hati. Mjane hatakiwi kupewa pungufu ya haki yake. Anatakiwa tu asidai kitu ambacho hakitamfaa na kitamwangamiza mwenziwe. Kijana akimlipa miezi miwili ya notisi, akamwachia nyumba iliyopakwa rangi, akamletea na mwenzake wa kazini anayetafuta nyumba, dawa za mjane hazitakosekana hata mwezi mmoja.

Inastahili kukumbukwa, ingawa ni kando kidogo, kwamba Mombasa yenyewe iliwahi kuwa nyumba ya kupangishwa. Mwaka 1887 Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar aliwapa Waingereza wa kampuni ya William Mackinnon haki ya kutawala ukanda wa pwani kwa miaka 50. Mpangaji huyo, ambaye hata kwa ukarimu hawezi kuitwa mwema, alifilisika mapema, na mwaka 1895, muda ukiwa haujafika hata robo, aliondoka. Je, alilipa fidia kwa kukatisha mkataba? Alilipwa yeye! Alipewa pauni 250,000, na kati ya hizo pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultan mwenyewe, zile ambazo Wajerumani walizilipa kwa pwani ya Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikaingia mahali pake kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 za riba ya fedha hizo, na upangaji huo ukadumu mpaka maafikiano ya Oktoba 1963 kabla ya uhuru wa Kenya. Anayemkazia kijana wa forodha kwa kuhofia kuharibu desturi ya mji ajue kuwa desturi ya mji iliwahi kuharibiwa na wakubwa zaidi.

Ajali za karibuni nazo zimefundisha. Aprili 2020 safari za kuingia na kutoka Mombasa zilipopigwa marufuku kwa sababu ya korona, na Mei mwaka huo Mji wa Kale ulipofungwa wenyewe, hakukuwa na kifungu katika mikataba mingi cha kueleza mtu asiye na mshahara afanyeje. Walioelewana, walielewana kwa mdomo, mwenye nyumba akipunguza na mpangaji akiahidi. Wasioelewana walibaki na mikataba iliyowapa haki zote na kodi hakuna.

Hapa ndipo panapoonekana upungufu ambao chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina uwezo wa kuuziba. Mjane wa Ndia Kuu na kijana wa forodha walizungumza Kiswahili tangu "shikamoo" hadi mwisho. Lakini mkataba walioutia sahihi uliandikwa Kiingereza, umenakiliwa kutoka mkataba mwingine ulionakiliwa kutoka mwingine, na mjane alitia sahihi mahali alipoonyeshwa na dalali. Huenda kifungu cha kutoka mapema kimo, huenda hakimo. Yeye hajui, na mwanawe aliye ng'ambo hajakisoma. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, wanaosomea shahada katika lugha hii huandika tasnifu nyingi kuhusu tamathali za usemi, na mwenye nyumba wa Mombasa hana hata kielelezo kimoja cha mkataba anachoweza kukisoma kwa miwani yake mwenyewe.

Kielelezo hicho si kazi ya mwaka. Wanachama watano wakikaa na wenzao wa Kitivo cha Sheria kwa majuma machache wanaweza kukitoa, na kifungu kinachohusu ombi la kijana kingeweza kusomeka hivi:

"Mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita au zaidi bila ya kuchelewa anaweza kuukatisha mkataba huu kabla ya muda wake kwa kumpa mwenye nyumba notisi ya maandishi ya miezi miwili. Kodi ya miezi hiyo miwili italipwa kamili hata kama mpangaji atatangulia kuhama. Lakini siku mpangaji mpya atakapoanza kulipa, deni la wa kwanza litakoma. Mpangaji anaruhusiwa kumleta mtu wa kuingia mahali pake, na mwenye nyumba hatamkataa ila kwa sababu atakayoiandika. Amana itarudishwa ndani ya siku kumi na nne tangu ufunguo kukabidhiwa, baada ya kutolewa gharama za uharibifu na bili za maji na umeme, zikiwa zimeandikwa na kuonwa na pande zote mbili."

Mwanasheria atapata cha kurekebisha humo, na arekebishe. Lakini mjane akisomewa kifungu hicho mara moja tu, chai ikiwa bado ina moto, atajua kijana amekuja kuomba nini na amwambie nini.